Bega Lililouma Baada ya Sindano: Jinsi Fidia ya Chanjo Inavyodaiwa Marekani

Mkono kuuma baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Msuli umechomwa, dawa imeingia, mwili umeamka kupambana. Siku mbili tatu maumivu yamekwisha na mtu ameshasahau alichomwa mkono upi. Lakini wapo wachache ambao maumivu hayo hugoma kuondoka. Wiki ya tatu inafika na mtu bado hawezi kulalia ubavu ule. Kuvaa shati kumekuwa kazi ya dakika tano. Kikombe kilicho kwenye rafu ya juu kinabaki huko huko. Akienda kwa daktari anaambiwa bega limevimba kwa ndani, au limeanza kuganda, na bili zinapoanza kuingia anajiuliza: nani atalipa?

Nchini Marekani swali hilo lina jibu kwenye sheria, ila jibu lenyewe limekaa mahali ambapo wengi hawapatarajii. Mdaiwa si muuguzi aliyechoma sindano wala kampuni iliyotengeneza chanjo. Anayedaiwa ni Waziri wa Afya na Huduma za Jamii wa serikali ya shirikisho. Mawakili wa Wizara ya Sheria ndio wanaomtetea, mbele ya mahakama iliyoko Washington ambayo Wamarekani wengi hawajawahi kuisikia, na fedha hutoka kwenye mfuko uliojazwa na chanjo zenyewe, senti kwa senti. Katika shauri lote hilo hakuna anayelazimika kuthibitisha kwamba fulani alikosea. Kinachobishaniwa zaidi ni tarehe: maumivu yalianza lini, yaliisha lini, na nani aliyaandika.

Tuanze na bega lenyewe, maana bila kulielewa sheria yake haieleweki.

Sindano ilikosea wapi

Chanjo nyingi za watu wazima huchomwa kwenye deltoidi, ule msuli mnene unaolifunika bega kama kofia. Mahali panapofaa ni katikati ya msuli huo, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa uliojitokeza juu ya bega. Ukipanda zaidi ya hapo unakaribia kifuko chembamba chenye ute, kinacholainisha msuguano kati ya mfupa na kano zinazoinua mkono. Sindano ikiingia juu mno, au ikiwa ndefu kuliko unene wa msuli, inaweza kuupita msuli na kuimwaga chanjo ndani ya kifuko hicho au jirani na kano. Sasa, chanjo imetengenezwa makusudi ili iamshe kinga ya mwili. Ikimwagwa mahali finyu namna ile, kinga inaamka palepale na kuwasha moto usiozimika upesi. Kifuko huvimba, kano huwaka, na wakati mwingine utando unaozunguka kiungo hukaza mpaka bega likaganda kabisa.

Chanzo mara nyingi ni mambo madogo. Mchomaji amesimama, mchomwaji ameketi, basi mkono unaangukia juu kuliko inavyotakiwa. Au mgonjwa hakuvua shati, amelivuta tu shingoni, na kipande cha bega kinachoonekana ni kile kile cha juu. Au mtu ni mwembamba na sindano iliyotumika ni ya mtu mnene. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye karatasi ya chanjo, na hilo litakuwa na umuhimu wake mbele ya safari.

Mwaka 2007 Bodor na Montalvo walichapisha taarifa ya wagonjwa wawili waliopata tatizo hilo. Mwaka 2010 wataalamu waliokuwa wakipitia madai ya fidia wakachapisha uchunguzi wa watu 13, karibu wote maumivu yao yakiwa yameanza ndani ya saa 24, na wakaipa hali hiyo jina ambalo limebaki nayo: SIRVA, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jeraha la bega linalohusiana na uchomaji wa chanjo. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi la Taasisi ya Tiba ya Marekani, lililopitia madhara mengi yanayodaiwa kuletwa na chanjo na kuyakataa au kuyaacha wazi mengi kati ya hayo, lilikubali kwamba kwa uvimbe wa kifuko cha bega ushahidi unatosha. Ila walisema chanzo ni tendo la kuchoma, chochote kilichokuwa ndani ya bomba.

Kuchoma, si kilichochomwa. Kishikilie kipande hicho, kwa kuwa miaka tisa baadaye kilikaribia kuifuta haki yote.

Sheria ya watoto iliyojaa watu wazima

Mfumo huu wa fidia ulizaliwa kwa ajili ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi wengi walifungua kesi wakidai kwamba chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda imewadhuru watoto wao. Kampuni kadhaa ziliamua kuacha kutengeneza chanjo kuliko kuendelea kushtakiwa, bei zikapanda, na serikali ikaogopa kwamba siku moja ghala litakuwa tupu. Bunge likapitisha sheria mwaka 1986, Rais Reagan akaitia saini, na mpango ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1988.

Mapatano yake yalikuwa hivi. Anayedai kudhurika hawezi kwenda moja kwa moja kumshtaki mtengenezaji au mchomaji kwa kiasi kinachozidi dola 1,000. Lazima kwanza apitie mpango. Kwa upande wake, hatalazimika kuthibitisha uzembe. Fedha zinatokana na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi moja inakinga: mafua senti 75, surua na matumbwitumbwi na rubela katika sindano moja dola 2.25. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya Wyeth, ikaufunga zaidi mlango wa mahakama za kawaida iliposema kwamba sheria hiyo inazuia kabisa madai kuwa chanjo ilisanifiwa vibaya.

Kilichobadilisha sura ya mpango ni mafua. Chanjo ya mafua iliingizwa mwaka 2005, na kwa kuwa watu wazima huchanjwa mafua kila mwaka, wadai wakaanza kuwa watu wenye kazi, watoto na mikopo ya nyumba. Tarehe 21 Machi 2017 SIRVA ikaingizwa rasmi katika Jedwali la Madhara ya Chanjo, na tangu hapo madai ya bega yamefika mahali pa kuwa zaidi ya nusu ya maombi mapya. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya mtoto mwenye degedege sasa unatumia muda wake mwingi kusikiliza watu wazima wasioweza kuinua mkono.

Wizara ya Afya haikulifurahia jambo hilo. Julai 2020 ilipendekeza SIRVA iondolewe kwenye Jedwali. Hoja yake kuu ilikuwa ile niliyosema ishikiliwe: kama tatizo linatokana na mchomaji kukosea mahali, basi ni uzembe wa mtu, na sheria ya 1986 ilikusudiwa kwa madhara ya chanjo yenyewe. Hoja hiyo si ya kijinga. Mtu akiisoma peke yake anaweza hata kuikubali. Udhaifu wake ni kwamba sheria inawataja wachomaji pia miongoni mwa wanaolindwa dhidi ya kesi, na ingekuwa ajabu kumlinda muuguzi huku aliyeumia akiambiwa jeraha lake haliko humu. Kanuni ya kuiondoa SIRVA ilitangazwa Januari 2021, siku za mwisho za utawala uliokuwa unaondoka, na Aprili mwaka huo huo, kabla haijaanza kutumika, utawala mpya ukaifuta. Ndiyo maana hadi leo bega limebaki kwenye Jedwali.

Maana ya kuwa kwenye Jedwali

Jedwali ni orodha ya chanjo, madhara, na muda. Dhara lako likilingana na mstari wake, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, na ni kazi ya serikali kuonyesha chanzo kingine. Anayejua gharama ya kumlipa daktari bingwa aje kutoa ushahidi atatambua uzito wa neema hiyo.

Kwa SIRVA mambo manne yanatakiwa. Kwanza, bega hilo lisiwe na historia ya maumivu, uvimbe au hitilafu inayoweza kueleza hali ya sasa. Pili, maumivu yaanze ndani ya saa 48 tangu kuchomwa. Tatu, maumivu na kupungua kwa mjongeo viishie kwenye bega lililochomwa. Nne, kusiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza dalili, kwa mfano neva iliyobanwa shingoni au kuvimba kwa neva za mkono.

Juu ya hayo kuna kizingiti kinachohusu madai yote: athari ziwe zimedumu zaidi ya miezi sita tangu chanjo, au dhara liwe limesababisha kifo, au kulazwa hospitalini pamoja na upasuaji. Na chanjo yenyewe iwe kati ya zile zinazolipiwa kodi. Mafua imo, pepopunda imo, homa ya ini aina A na B zimo. Chanjo ya mkanda wa jeshi haimo, ingawa huchomwa bega lile lile na ina sifa ya kuuma kuliko nyingi.

Ukiyasoma masharti hayo manne harakaharaka yanaonekana mepesi. Kwenye karatasi za hospitali ndiko yanakogeuka.

Tuchukue mwalimu wa kufikirika. Tarehe 10 Oktoba alichanjwa mafua kwenye duka la dawa, mkono wa kushoto. Usiku ule ule bega liliuma mno. Akasema moyoni, kama sote tungesema, kwamba litapoa. Akameza dawa za maumivu. Novemba akaendelea na kazi. Desemba alikwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi. Daktari akapima mapafu, akaandika kikohozi, na kwenye kipengele cha viungo na misuli kompyuta ikajijazia "hakuna tatizo". Mwishoni mwa Januari ndipo alipokwenda rasmi kwa sababu ya bega, na daktari akaandika: "maumivu ya bega la kushoto, kama miezi miwili, yanashuka hadi kwenye kiwiko."

Mwalimu hajasema uongo popote. Lakini hebu zisome karatasi hizo kwa jicho la wakili wa serikali. Miezi miwili nyuma kutoka mwisho wa Januari ni mwisho wa Novemba, wiki saba baada ya sindano. Saa 48 zimeshapita zamani. Desemba alimwona daktari na hakulalamika bega. Na maumivu yanayoshuka hadi kwenye kiwiko, je, yameishia begani, au ni ya shingoni? Halafu inaibuka kero ambayo wanaozijua kesi hizi wanaisubiri kila mara: fomu ya duka la dawa inasema amechomwa mkono wa kulia. Huenda mfamasia alibofya mkono ambao mfumo unauweka wenyewe, au aliijaza fomu kabla mgonjwa hajaketi.

Je, mwalimu ameshindwa? Hapana, lakini sasa ana kazi. Sheria inasema mwamuzi hawezi kumpa mtu ushindi kwa maneno yake peke yake, yasiyoungwa mkono na kumbukumbu za matibabu au maoni ya daktari. Kwa upande mwingine, mahakama ya rufaa imekuwa ikivutwa pande mbili kuhusu uzito wa kumbukumbu hizo. Mwaka 1993, katika kesi ya Cucuras, zilipewa heshima kubwa: mgonjwa aliye mbele ya daktari ana kila sababu ya kusema kweli, basi kilichoandikwa siku ile kina uzito kuliko kinachokumbukwa miaka baadaye. Mwaka 2021, katika kesi ya Kirby, mahakama ile ile ya rufaa ikasema kwamba kumbukumbu za matibabu hazichukuliwi moja kwa moja kuwa sahihi na kamili. Daktari anaweza kusahau, na asichokiandika hakimaanishi hakikuwapo. Kati ya kesi hizo mbili ndimo mabega mengi hushinda au hushindwa.

Kwa hiyo mwalimu atakusanya vipande. Ujumbe wa simu aliomwandikia dada yake tarehe 11 Oktoba: "Sindano ya jana imeniua bega." Hati ya kiapo ya mumewe aliyemsaidia kuvaa koti. Maelezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeandika Februari kwamba tatizo lilianza "baada ya chanjo ya mafua msimu wa vuli". Risiti ya dawa za maumivu. Ujumbe ule wa simu, kwa maoni yangu, una thamani kuliko kurasa kumi za kiapo kilichotungwa na wakili, kwa sababu siku anauandika hakuna aliyekuwa anafikiria fidia.

Suala la miezi sita nalo lina mtego wake. Kuna watu wanaotibiwa miezi minne, wanapata sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), wanapata nafuu kidogo, wanachoka na safari za kliniki na gharama, wanaacha. Mwaka mmoja baadaye bado mkono haufiki mgongoni, lakini karatasi ya mwisho ni ya mwezi wa nne na inasema "anaendelea vizuri". Kuendelea vizuri si kupona, na mawakili wa wadai hulirudia jambo hilo mpaka sauti zikauke, lakini pengo lile lazima lielezwe kwa kitu fulani.

Sharti la historia ya bega ni jepesi kuliko linavyosikika. Mtu aliyeumia bega akicheza mpira miaka kumi nyuma akapona hajapoteza haki yake. Kinachoangaliwa ni kama tatizo la zamani linaeleza la sasa. Picha ya MRI ya mtu wa miaka 60 karibu kila mara itaonyesha kano zilizochakaa. Kuchakaa peke yake hakutoshi kumnyima, ila serikali itaitaja.

Ukikosa Jedwali

Maumivu yaliyoanza siku ya nne hayana nafasi kwenye mstari wa SIRVA. Bado kuna njia ya pili: kuthibitisha chanzo bila msaada wa Jedwali. Kipimo chake kilitolewa mwaka 2005 katika kesi ya Althen, na kina miguu mitatu. Kuwe na nadharia ya kitabibu inayoeleza jinsi chanjo hiyo inavyoweza kuleta dhara hilo. Kuwe na mfuatano wa mantiki unaoonyesha kwamba kwa mtu huyu ndivyo ilivyotokea. Na muda kati ya sindano na dalili uendane na nadharia. Uzito wa ushahidi unatakiwa kuzidi nusu, hata kama umezidi kwa unyoya. Hapa ndipo madaktari mabingwa hulipwa kuandika ripoti, na shauri ambalo lingeweza kumalizwa kwa makubaliano huanza kuhesabu miaka.

Anayesikiliza huitwa mwamuzi maalumu. Sheria inaruhusu wawe hadi wanane, wako chini ya Mahakama ya Madai ya Shirikisho, na hawana baraza la wazee wala wananchi wa kuamua nao. Kesi nyingi za bega hazifiki kwenye ukumbi. Ombi linafunguliwa pamoja na kumbukumbu zote za matibabu, madaktari wa Wizara ya Afya wanazipitia, kisha serikali inatoa ripoti yake: inakubali au inapinga. Ikikubali, kinachobaki ni kiasi. Ikipinga, mwamuzi anaweza kuamua kwanza swali moja tu, kwa mfano maumivu yalianza lini, ili pande mbili zijue zimesimama wapi kabla ya kujadiliana. Asiyeridhika ana siku 30 za kupeleka shauri kwa jaji wa mahakama hiyo hiyo, na baada ya hapo siku 60 za kwenda mahakama ya rufaa ya shirikisho.

Neno moja kuhusu makubaliano, kwa kuwa hupotoshwa sana. Wizara yenyewe inaeleza kwamba takriban asilimia 60 ya fidia zote hutolewa kwa makubaliano ambayo serikali haikukiri kwamba chanjo ndiyo iliyodhuru. Pande mbili zimepima hatari ya kushindwa zikagawana katikati. Kwa hiyo anayezichukua hesabu za fidia na kuzitangaza kama idadi ya watu waliodhuriwa na chanjo anasoma kitu ambacho hakijaandikwa. Kwa upande mwingine, anayeokoteza sentensi hiyo ili aseme kwamba wadai wote ni waongo naye hajazisoma kesi za bega, ambazo serikali hukiri nyingi.

Kalenda, na mtego wa Uviko

Muda wa kufungua madai ni miezi 36 tangu dalili ya kwanza. Hauhesabiwi tangu daktari alipotaja jina la ugonjwa, wala tangu mtu aliposikia kwamba mpango huu upo. Mahakama ya rufaa ilisema hivyo mwaka 2011 katika kesi ya Cloer: kutojua hakusimamishi saa. Ipo nafasi finyu ya kuongezewa muda kwa sababu za haki, lakini anayeitegemea anategemea nyuzi. Kwa bega saa ile huanza usiku wa sindano, au asubuhi yake. Utaona kejeli iliyomo: mwalimu wetu anapambana kuonyesha kwamba maumivu yalianza ndani ya saa 48, na ushindi wake katika hilo ndio unaoweka tarehe ya mwisho ya kudai.

Uraia hauulizwi. Kinachoulizwa ni mahali: chanjo iwe imetolewa Marekani au katika maeneo yake, na kuna ruhusa chache kwa waliochanjwa nje, kama vile wanajeshi na watumishi wa serikali hiyo.

Mtego mkubwa wa miaka ya karibuni ni chanjo ya Uviko. Haikuingizwa kwenye mpango huu. Iliwekwa chini ya mpango mwingine, unaotokana na sheria ya dharura za afya ya mwaka 2005, na tofauti zake ni kali. Muda wake ni mwaka mmoja tangu kuchanjwa. Hakuna mwamuzi, ofisi ya Wizara ndiyo inayopokea, inayoamua na inayosikiliza malalamiko juu ya uamuzi wake. Hailipi maumivu na mateso. Hailipi wakili. Watu wawili wanaweza kuketi kiti kimoja, wakachomwa na mfamasia mmoja, mahali pamoja pa bega, wakaumia sawasawa, mmoja kwa mafua na mwingine kwa Uviko, na haki zao zisifanane hata kidogo.

Vipi kama mtu alichomwa zote mbili siku moja, mkono mmoja? Hilo hutokea sana, maana maduka ya dawa huzitoa pamoja ili mtu asirudi mara mbili. Hapo mdai anatakiwa kuonyesha kwamba sindano ya mafua ndiyo iliyoumiza, au angalau ilichangia kwa kiasi kikubwa, huku fomu ikiwa haisemi ipi ilichomwa juu na ipi chini. Serikali ina kila sababu ya kunyoosha kidole kwenye ile nyingine. Anayesubiri amalize mabishano hayo kabla ya kudai kwenye mpango wa Uviko atakuta mwaka wake umeshapita.

Pesa

Fidia ina mafungu. Gharama za matibabu ambazo bima haikulipa, za nyuma na zijazo. Mshahara uliopotea, kwa ushahidi wa nyaraka. Na maumivu na mateso, yenye kikomo cha dola 250,000. Kikomo hicho kiliwekwa mwaka 1986 na hakijaguswa tangu hapo, ingawa dola ya mwaka ule na ya leo ni ndugu wa majina tu.

Mabega machache sana hufika kwenye kikomo. Aliyepona kwa mazoezi na dawa, bila upasuaji, kwa kawaida hupewa makumi ya maelfu ya dola kwa maumivu. Aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi hukaribia laki moja au kuipita. Waamuzi huangalia ukali wa maumivu kama ulivyoandikwa wakati ule, mgonjwa alichelewa kiasi gani kwenda kutibiwa, alipigwa sindano ngapi za steroidi, alihudhuria mazoezi mara ngapi, na mkono umebaki vipi. Kisha hulinganisha na maamuzi yaliyotangulia. Kuna kitu cha kusikitisha katika kusoma maamuzi hayo mfululizo, mabega yakipangwa kama mizigo sokoni kwa nyuzi za mjongeo, lakini sijui ni kipimo gani kingine kingetenda haki kwa maelfu ya watu wenye lalamiko linalofanana.

Upande wa wakili mfumo huu ni wa ukarimu usio wa kawaida Marekani. Wakili haruhusiwi kumtoza mteja asilimia ya fidia, wala kumdai ada yoyote pembeni. Mpango wenyewe humlipa, na humlipa hata akishindwa, alimradi shauri lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi wa maana. Hivyo mtu akisikia wakili anataka theluthi ya fidia ya chanjo chini ya mpango huu, ana haki ya kuinuka na kuondoka. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba wakili mwenye uzoefu hapotezi muda na shauri lisilo na msingi, na akikataa kulichukua huwa ametoa maoni yake.

Uamuzi ukitoka na kuwa hukumu, mdai ana siku 90 za kusema kwa maandishi kama anaupokea au anaukataa. Akiukataa anakuwa huru kwenda mahakama ya kawaida kumshtaki mchomaji, na huko sasa atalazimika kuthibitisha yale ambayo huku hakuulizwa: nani alikosea, alisimama vipi, sindano ilikuwa ya urefu gani, iliingia wapi. Wanaokataa ni wachache. Wengi hutia saini, na baada ya muda hundi hufika kutoka kwenye mfuko wa senti 75, ambamo zimo pia senti 75 za dozi ile iliyomfanya ashindwe kufika kwenye rafu ya juu.